Mwaka Tuliougua, Mimi na Jalebi

Uvimbe wa kwanza niliougusa kwa vidole vyangu haukuwa wangu. Ulikuwa wa Jalebi, mbwa wa jirani yangu wa ghorofani, na niliukuta Jumapili moja baada ya kanisa, nikiwa namwogesha uani.

Naanzia hapo makusudi. Wanawake wanaonifuata dukani kuniuliza habari za kansa ya matiti hutaka nianze na hospitali: niliambiwa nini, nilikatwa vipi, inauma kiasi gani. Yote nitayasema. Lakini hospitali nilifika baadaye. Kwanza tulimpeleka mbwa.

Tunakaa Mchafukoge, kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa moja yenye ua katikati na bomba la pamoja. Chini tunakaa sisi: mimi, mume wangu, ambaye nitamwita Baba Glory kama ninavyomwita siku zote, na binti yetu Glory anapokuwa likizo kutoka chuoni. Kwetu ni Marangu, lakini maisha yetu yako Kariakoo. Mwenzangu anauza vipuri vya magari Gerezani. Mimi nauza nyuzi, zipu, vifungo na lesi kwa mafundi cherehani. Juu anakaa Mama Kanta, mjane wa Kihindu aliyezaliwa Mchafukoge hiyohiyo na kuzeeka hapohapo. Watoto wake wote wako ng'ambo. Aliyebaki naye ni Jalebi, jike la rangi ya chai ya maziwa, mkia umejisokota kama jalebi zenyewe zinazochovywa kwenye shira. Magoti ya Mama Kanta hayataki ngazi, kwa hiyo kumwogesha Jalebi ilikuwa kazi yangu. Hakuna aliyenipa. Ilitokea tu, kama mambo ya majirani yanavyotokea.

Siku hiyo alikuwa amelala chali, miguu juu, anafurahia sabuni. Nikapitisha mkono tumboni, kwenye mstari wa chuchu, nikakuta kitu kigumu kama punje ya hindi iliyokwama chini ya ngozi. Pembeni yake kingine, kikubwa zaidi, kama njugu mawe.

"Mama Kanta!" nikaita juu. "Huyu ana uvimbe!"

Akachungulia kwenye veranda. "Amepigwa?"

"Hapana. Uko kwenye ziwa."

Kesho yake tukamchukua kwa bajaji hadi kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mchangamfu tuliyemzoea kwa jina la Dokta Rehema. Alimpapasa Jalebi taratibu, chuchu moja baada ya nyingine, huku mimi nimemshika kichwa. Akamwambia Mama Kanta kwamba majike wasiofungwa kizazi hupata sana uvimbe wa aina hii, kwamba atamkata, na kinyama kitapelekwa maabara kikaangaliwe kama ni kibaya. Kisha akaniangalia mimi.

"Na wewe dada, mara ya mwisho kujipima ilikuwa lini?"

"Kujipima nini?"

"Matiti. Ugonjwa ni huuhuu. Mbwa anaishi nyumba moja na sisi, anakunywa maji yetu, anavuta hewa yetu, na uvimbe wake unafanana na wetu mno. Kuna wenzangu wanausoma wa mbwa na wa binadamu kwa pamoja."

Nikacheka, na Jalebi akanilamba mkono.

Jioni bafuni niliinua mkono wa kushoto, nikapitisha vidole vile vile nilivyopitisha kwa Jalebi. Nilikuwa najua sasa ninatafuta kitu cha namna gani. Kilikuwa upande wa kwapani. Hakikuuma hata kidogo. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, maji yakiendelea kumwagika kutoka bombani, hadi Baba Glory akagonga mlango kuuliza kama nimelala humo ndani.

*

Mtu akikuambia ugonjwa huu ni maumivu, mwambie kwanza ni mabenchi. Nilikaa kwenye benchi la kupigwa picha, benchi la kuchukuliwa kinyama kwa sindano nene, benchi la kusubiri majibu. Nilijifunza kufika na kanga ya ziada, kwa sababu vyumba vingine vina baridi ya kiyoyozi na vingine ni jiko. Nilijifunza kutomtazama anayetoka chumbani kwa daktari, kwa kuwa wote tuliobaki tunamsoma uso, na yeye anajua.

Siku ya majibu, daktari hakukaa ng'ambo ya meza yake. Alivuta kiti akakileta upande wangu. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alisema ni saratani, akasema tumeiwahi, akasema kukata kwanza kisha dripu za dawa kisha mionzi. Mimi nilisikia neno moja. Mengine ilibidi Baba Glory anirudie tulipofika nyumbani.

Na hapo ndipo tulipokwama. Baba Glory si mtu wa makelele. Akiogopa, anapanga. Siku zile alianza kupanga safari ya Krismasi ya kwenda Marangu: nani atasafiri lini, nani atafunga duka, mbuzi wa mzee atanunuliwa wapi. Nilipomwambia hospitali wanataka nilazwe mapema, akasema, "Tusubiri Desemba ipite. Tukirudi kutoka nyumbani tutakaa chini tuzungumze."

Dada yake naye akapiga simu kutoka Moshi. Wifi yangu ananipenda, sina shaka, lakini alisema lile ambalo nimelisikia tena kwa watu wengi. "Wifi, usikubali kisu. Ukikatwa tu, kinasambaa. Njoo huku kwanza, kuna mama anaombea watu."

Sikugombana na mtu. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza. Nilikuwa nakwenda dukani, nakata lesi, narudi, nalala. Nilikuwa nawaachia waamue, na nilijua wanaamua vibaya.

Aliyelimaliza ni Mama Kanta. Alasiri moja tulikuwa sebuleni, nikasikia anashuka ngazi. Kwake kushuka ngazi si jambo dogo, nikatoka kumpokea. Nyuma yake alikuja Jalebi, tumbo limenyolewa, nyuzi zinaonekana, shingoni amevishwa lile kopo la plastiki la kumzuia asijilambe kidonda. Mama Kanta akaingia, akakataa kiti, akasimama mbele ya mume wangu.

"Baba Glory, huyu ni nani?"

"Ni Jalebi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Majibu yake yametoka. Ni kansa. Lakini mimi sikungoja majibu, ameshakatwa. Mimi nina mbwa tu, nimempeleka. Wewe una mke, unasubiri sikukuu?"

Jalebi akagonga kopo lake kwenye mguu wa meza. Baba Glory akainuka, akachukua funguo, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Mama Kanta akaniuliza, "Amekasirika?" Nikasema sijui. Tukakaa pamoja tukanywa chai.

Alirudi magharibi ameshika mfuko wa machungwa. Alikuwa amekwenda hospitali peke yake, akamsubiri daktari hadi amalize wagonjwa, akamuuliza mambo yote ambayo mimi nilikuwa siwezi kuyauliza. "Wiki ijayo tunalazwa," akasema. Alisema tunalazwa, kama vile naye atapewa kitanda. Kisha akakaa akaanza kumenya machungwa, moja baada ya jingine, zaidi ya tuliyoweza kula.

*

Nilipoamka baada ya upasuaji nilijua kabla sijagusa. Upande wa kushoto ulikuwa mwepesi. Nilikuwa na bandeji, na mpira mdogo uliotoka chini ya kwapa kwenda kwenye chupa ya kukusanyia maji ya kidonda. Muuguzi alimfundisha Baba Glory kuimwaga ile chupa, na huyu mwanamume ambaye nyumbani hawezi kuona kuku akichinjwa aliimwaga asubuhi na jioni bila kukunja uso. Alibana pumzi, akadhani sioni.

Krismasi hatukwenda Marangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane. Mama Kanta akapika wali wake wa dengu, mboga za aina nyingi, na mtindi; sisi tukapika ndizi, na nyama tukaila chini kwetu kwa heshima yake asiyeigusa, kisha tukapanda juu kula vyake. Simu za nyumbani zilipoanza kupigwa, Baba Glory alikwenda kuzungumzia veranda. Nilimsikia anamwambia mama yake, "Hapana mama, hakatazwi kusafiri. Mimi ndiye nimekataa."

Asubuhi nilikuwa natoka uani kuota jua kabla halijawa kali, mkono nimeuegemeza kwenye mto. Jalebi alikuwa anashuka mwenyewe kuja kukaa nami. Alikuwa anatembea akivuta tumbo kidogo, na mimi nilikuwa natembea nikiinamia kushoto. Fundi mmoja aliyekuja kuuliza nyuzi nyumbani, kwa kuwa duka lilikuwa limefungwa, alitutazama kwa muda akasema, "Mama Glory, nyie wawili mmepigana na nani?" Nilicheka hadi mshono ukaniuma.

Dripu zilianza mwaka mpya. Ile dawa nyekundu nakuambia mapema usije ukashtuka: ukienda chooni mkojo nao ni mwekundu. Siyo damu. Mimi nilipiga kelele choo kizima kikasikia. Kwenye benchi la dripu ndipo nilipompata Mwanahawa, mama wa Buguruni, mcheshi, aliyekuwa amenitangulia kwa dripu mbili. Siku ya kwanza alinitazama nilivyokaa nimekaza mwili, akasogea.

"Shoga, umekuja na barafu?"

"Barafu ya nini?"

Akafungua chupa ya chai, ndani mkiwa na vipande vya barafu ya ukwaju. "Weka mdomoni ikiwa inaingia ile nyekundu. Mdomo ukipoa, vidonda havikupati sana. Muuguzi ndiye aliyenifundisha. Ukwaju ni wangu mwenyewe."

Barafu hiyo ilinisaidia kuliko dawa nyingi za dukani. Tulikuwa tunakaa tunamung'unya kama watoto wa shule, tunawasema waume zetu. Mwanahawa hakumaliza dripu zake. Nilifika wiki moja nikakuta kwenye benchi letu amekaa mtu mwingine, na muuguzi akanishika bega kabla sijauliza. Hadi leo siwezi kunywa maji ya ukwaju, lakini kila ninayemjua anaanza dripu namwambia habari za barafu, na namtaja jina aliyenipa.

Nywele zilianguka masika yalipoanza. Glory alikuwa amerudi likizo. Akanikalisha kwenye kigoda uani, mvua ikipiga mabati, akaninyoa zilizobaki kwa mashine ya baba yake. Hakulia. Alilia baadaye jikoni, akidhani mvua itamficha. Kucha ziligeuka nyeusi. Chakula kilikuwa na ladha ya shaba. Dukani sikuweza kuingia, kwa sababu harufu ya lesi mpya ikitoka kwenye nailoni, ambayo nimeishi nayo miaka yote, ilinitapisha.

Katika mvua hizohizo fundi Saidi, mteja wangu wa muda mrefu, alinishonea ziwa la kitambaa la kuweka ndani ya sidiria. Alilijaza pamba, na katikati akaweka ulezi ili liwe na uzito. Lilikaa vizuri kabisa. Siku moja nililifua kifuniko, nikaliacha lenyewe kwenye kiti uani likipigwa upepo, Jalebi akalichukua. Nilipotoka nilimkuta analitikisa kichwa huku na huku, ulezi umemwagika ua mzima, na kunguru wanashuka makundi makundi kuula. Mama Kanta alikuwa amesimama veranda ameshika mbavu kwa kicheko. "Mama Glory," akasema akipumua kwa shida, "kunguru wanakula ziwa lako!" Ilikuwa wiki mbaya kuliko zote za dripu, na ndiyo wiki niliyocheka kuliko zote.

*

Kabla ya dripu ya mwisho alinifuata daktari mmoja kijana wa maabara, Dokta Lusajo, mpole, anayezungumza kama anaogopa kukuamsha. Alisema yeye na wenzake, akiwamo Dokta Rehema, wanachunguza uvimbe wa matiti wa wanawake na wa mbwa. Wanaangalia umbo la chembe hai zake, wanaangalia na kilichoandikwa ndani kabisa ya chembe hizo, kile kinachoziamuru zikue. Mbwa umri wake ni mfupi, akasema, kwa hiyo ugonjwa unaokwenda polepole kwetu kwake unaonekana mapema. Aliomba ruhusa ya kutumia kipande cha uvimbe wangu kilichohifadhiwa. Jina langu halitaandikwa popote. Nikikataa, matibabu yangu hayabadiliki.

Nyumbani ikawa vita. Baba Glory aliweka kijiko chini. "Mke wangu apangwe meza moja na mbwa?" Wifi naye, simu ikiwa kwenye spika, akasema nitakuwa nimeidhalilisha familia.

Sikuwa na nywele, sikuwa na kucha, na nadhani aibu nayo ilikuwa imeanguka pamoja nazo. Nikawaambia, "Huyo mbwa ndiye aliyenifikisha hospitali. Nyie mlikuwa mnanipeleka Marangu."

Baba Glory akachukua kijiko chake, akaendelea kula. Kesho yake nikaweka sahihi. Mama Kanta alikuwa ameshamwekea Jalebi yake, na aliuliza kama mbwa naye anahitaji kupiga dole gumba.

Nikaingia kwenye mionzi wakati wa kipupwe, ile miezi ambayo hata Dar asubuhi unatafuta sweta. Mionzi haiumi. Unalala tu, chumba kitupu, mashine inakuzunguka. Baada ya siku kadhaa ngozi inakuwa kama ya mtu aliyeunguzwa na uji. Ni hapo, nikiwa naanza kujiona natoka, ndipo Jalebi alipoanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha asubuhi. Kisha kikawa cha mchana. Dokta Rehema akampiga picha ya kifua, akatuambia ugonjwa umefika kwenye mapafu.

Sasa nitasema kitu ambacho sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Tangu mwanzo nilikuwa nimeshajifunga na yule mbwa. Akila, nilikuwa nakula. Mshono wake ulipopona vizuri nilijua na wangu utapona. Nilikuwa nimeambiwa kwamba tunafanana, na yeye anatangulia, kwa hiyo nilimtazama kama mtu anavyomtazama aliye mbele yake kwenye foleni. Alipoanza kukohoa, nami nikaanza kusikiliza pumzi zangu. Nikikohoa kidogo tu, kwa vumbi la mtaani, naishikilia meza.

Baba Glory aliona. "Una nini?" akaniuliza. Nikamwambia. Hakunicheka. Akasema, "Twende tukamuulize yule kijana wa maabara."

Dokta Lusajo alitupokea kwenye chumba kidogo chenye darubini mbili na feni inayolia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema majibu ya kipimo changu kingine, cha kuangalia homoni kwenye uvimbe, yalikuwa yametoka na daktari wangu angenipa wiki hiyo. Akampigia mbele yetu kuomba ruhusa ya kunieleza.

"Mama, chembe za uvimbe wako zina milango," akasema. "Homoni za mwili wako zinapita humo kuzilisha. Kuna vidonge vya kuifunga milango hiyo. Utakunywa kila siku, kwa miaka. Uvimbe wa Jalebi hauna milango hiyo. Umejilisha wenyewe, na umekwenda mbio."

"Si ulisema tunafanana?"

"Mnafanana sana. Ndiyo maana pale mnapotofautiana panatufundisha kitu." Akanigeukia. "Njia yake si lazima iwe yako."

Nikafurahi. Mwili mzima ulifurahi. Kisha nikamkumbuka Jalebi amelala kwenye kigunia chake uani, sikujua furaha ile niiweke wapi.

Baba Glory akauliza kama anaweza kuona. Dokta akaweka kioo chembamba chini ya darubini, akamwachia kiti. Mume wangu alikaa ameinama muda mrefu. Nilipopewa zamu nikaona rangi ya waridi na zambarau, vijiduara vimebanana kama watu wa Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Nilidhani kitakuwa kitu cheusi. Kilikuwa kizuri, na nilichukia kwamba ni kizuri.

"Hiki ndicho kilitaka kunichukulia mke," akasema Baba Glory, taratibu. Halafu, "Na cha Jalebi unacho?"

Dokta akabadilisha kioo. Mimi nilipoangalia sikuona tofauti yoyote. Rangi zilezile, msongamano uleule. Baba Glory akaangalia tena, akainua uso, akafuta jicho kwa kiganja.

"Huyu naye ameteseka," akasema.

*

Jalebi alikufa asubuhi moja tulivu, kipupwe kikiisha. Alikuwa hali tena. Dokta Rehema alikuja na sindano, lakini hakuhitaji kuitumia. Mama Kanta alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya ua, magoti yake yale, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani, akimsemesha Kigujarati. Mimi nilikuwa nimemshika mguu. Pumzi moja ikatoka, tukangoja nyingine.

Mjini kumzika mbwa ni shida. Ua wote ni saruji. Dokta Rehema akasema kwa upole kwamba kuna sehemu wanakochoma, na Mama Kanta, ambaye mumewe na wazazi wake wote walichomwa kwa taratibu za dini yake, akatikisa kichwa. "Siyo kwenye tanuri la mizoga," akasema.

Baba Glory alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za dukani. "Azikwe kwenye kiwanja chetu," akasema.

Kiwanja chetu kiko Kigamboni. Tumekinunua kwa ajili ya nyumba ya uzeeni. Mwenzangu hajawahi kuruhusu hata mtu apande mchicha pale. Nikamtazama. Akanitazama, kama mtu anayesema usiniulize.

Mama Kanta akatoa sari yake moja ya zamani, ya pamba, ya kijani. Tukamfunga. Mkono wangu wa kushoto haubebi vitu vizito tangu wakate zile tezi za kwapani, na Mama Kanta habebi chochote, kwa hiyo Baba Glory ndiye aliyembeba, mikononi, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Tukapita hivyo Magogoni, kwenye mkusanyiko wa watu wanaongoja pantoni ya kuvuka kwenda Kigamboni. Watu wakatupisha. Mwanamke mmoja akaona ile sari, akaona sura zetu, akamgusa Baba Glory mkono.

"Poleni sana, baba. Mtoto?"

Nilisubiri aseme ni mbwa tu. Akasema, "Ni wa nyumbani. Asante, mama."

Tulivuka. Upande wa pili tukapata bajaji, dereva akauliza mzigo ni nini, Baba Glory akamwambia endesha polepole. Kiwanjani alivua shati akachimba mwenyewe, chini ya mnazi ulioko kwenye kona. Mama Kanta akaweka ua la asumini, akasema maneno yake, mimi nikasema Baba Yetu moyoni kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kusema. Hakuna aliyeona ajabu.

Nimeshapita kipimo cha mwaka, na cha baada yake. Vidonge vinanipa joto la ghafla. Huwa naacha mteja na zipu zake nasimama mbele ya feni. Nywele zimerudi na mvi. Dokta Lusajo na wenzake bado wanaendelea na kazi yao, na akinikuta kliniki ananisalimia, "Shikamoo mama," naye huongeza kwamba vioo vyetu bado vipo, vimekaa sanduku moja. Wewe unayesoma hii ukiwa umeshika kifua chako, sijui chako ni cha aina gani. Usimtazame aliye mbele yako ukadhani ndiye wewe. Nenda ukaangaliwe chako. Na anayekuambia usubiri, muulize anaogopa nini, umsikilize, kisha uende.

Lakini nataka kukuachia ile siku ya Kigamboni, wakati wa kurudi.

Tulikaa kwenye benchi la abiria kungoja pantoni. Mama Kanta alikuwa kushoto kwangu, Baba Glory kulia na udongo kwenye kucha. Kulikuwa na joto na kelele za wauza karanga. Bila kuuliza, Mama Kanta akaegemea, akalaza kichwa chake kifuani pangu, upande wa kushoto, pale palipo bapa, na usingizi ukamchukua. Tangu nikatwe hakuna aliyewahi kuweka kichwa pale. Glory alikuwa akinikumbatia kwa ubavu. Mume wangu alikuwa akilala upande mwingine, kwa kuogopa kuniumiza, na mimi nilikuwa nimedhani ni kwa kuogopa kuona. Nilikaa bila kujitikisa. Nilihisi uzito wa kile kichwa, joto lake, mafuta ya nazi kwenye nywele nyeupe. Kovu halikuuma. Lilikuwa linabeba mtu.

Baba Glory alikuwa anatuangalia. Akanyoosha mkono, polepole, akaupitisha nyuma ya mgongo wangu hadi ukafika upande ule, akaushika hapo, karibu na kichwa cha Mama Kanta.

Geti likafunguliwa. Watu wote wakainuka kwa mkupuo, mabegi, ndoo, watoto mgongoni, wakakimbilia kivukoni.

"Nimwamshe?" nikauliza.

"Mwache," akasema. "Tutapanda inayofuata."

Ikaja inayofuata, nayo tukaiacha.